Inchi Kumi na Moja

Kipakatalishi cha Nanuli hutua mezani
bila kuhamisha bakuli la jozi.
Herufi N imefutika; kidole kinaijua.
Nje, Tbilisi, theluji nusu mvua.
Ndani, mwongozo wa mashine ya kufulia,
kurasa mia na nne,
kutoka Kijerumani kwenda Kijojia,
malipo kwa neno.

Madirisha mawili hayakai kioo kimoja.
Basi husoma sentensi, huifunga,
huitwika kichwani kama maji kwenye beseni,
huvuka,
huimimina ng'ambo ya pili.
Ikimwagika njiani, hurudi kuteka.

Krismasi, bintiye Tsiala akamletea skrini
pana kama mlango wa kabati.
"Mama, macho yako."
Siku tatu lugha mbili zikakaa ubavu kwa ubavu,
na Nanuli akageuka mnakili:
neno hapa, neno pale,
jicho likienda na kurudi kama mlinzi wa benki.
Sentensi zake zikaanza kutembea kwa magongo.
Aliposoma kwa sauti, hata yeye hakuelewa
nguo ziingie wapi.

Siku ya nne akachomoa waya.
Ndani ya boksi sasa analala paka.
Skrini yenyewe ni ya Jumapili, ya picha za mjukuu,
na hasemi uongo, ni nzuri:
meno yote mawili yanaonekana.

Jumatatu amekwisha inama.
Anasoma. Anafunga. Midomo inacheza.
Anavuka nayo, nzima:
usifungue mlango
ngoma ikiwa bado inazunguka.