Irabu

Mimi ndiye niliyeiweka ile u.
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
duka la kuchapa na kutoa kopi.
Saa tisa na robo; fomu zinafungwa saa kumi.
Mwantumu Semhando akaegesha baiskeli,
akanitajia jina, na sikio langu la Kidigo
likasikia Semuhando.
Vidole vikatii sikio.
Akalipa elfu moja, nikamrudishia chenji.

Kesho yake karatasi ikabandikwa kwenye ubao wa kata:
Hakuteuliwa. Jina la fomu si jina la kadi.
Sentensi mbili, muhuri, saini ya bwana Kilua
msimamizi msaidizi, ambaye alifunga ofisi
akaenda na funguo mazikoni Pangani.
Ndivyo walivyosema. Mimi sikumwona.
Mgombea akabaki mmoja,
na mgombea mmoja hapigiwi kura: anapita,
kama yanavyopita maji machafu mtaani kwetu,
hayabishi hodi kwa mtu.

Watu walikuja dukani kuitazama mashine yangu
kama wanavyokwenda kumtazama mbwa aliyeuma.

Wakili alikuwa kijana, koti limemzidi mabega.
Tulichapa kiapo aya kwa aya, naye akinieleza:
"Mahakama haiendi kule kuchagua diwani.
Haiulizi nani anafaa, nani ana watu.
Inauliza mambo madogo.
Alikuwa na mamlaka? Alimwita? Alimsikiliza?
Alipoiona hiyo u, simu ilikuwa nzito?"
Nikasema, hayo si madogo.
Akasema, basi yaandike, ila kwa lugha ya kiapo.

Kwamba mimi, Riziki Mwachili, mtu mzima, Mwislamu,
mkazi wa Tanga, naapa na kueleza:
Kwamba u ni yangu.
Kwamba mwombaji hakuiona, alikuwa akiitazama saa.
Kwamba hakuna aliyeniuliza.

Jaji yuko kikao Lushoto.
Faili halionekani.
Faili limeonekana, wakili wa upande wa pili anaumwa.
Machungwa ya Muheza yakaiva, yakaisha, yakaiva tena.
Siku moja, kwenye benchi la ushoroba,
Mwantumu aliugeuza wito wa shauri
akaandika mgongoni mwake:

*Sikuomba nishindiwe, nilitaka nishindane,*
*Kwa kura nikataliwe, kila mtu na anene,*
*Kwa irabu nizuiwe? Mlango nisiuone?*
*Mtu kwanza asikiwe, ndipo muhuri ubane.*

Akanipa niuchape. Sikumtoza.

Mwezi wa kumi na nne, hukumu.
Jaji alisoma upesi, kama mtu mwenye safari.
Uamuzi wa msimamizi unafutwa.
Nilidhani kitu kikifutwa kitasikika,
vumbi la chaki litaanguka mahali.
Ilisikika feni.
Aliyepita alikwishakaa vikao vyake,
alikwishachimba mfereji:
Barabara ya Kumi na Tisa, kwa shemeji yake,
mfereji mzuri, una mifuniko.
Huo jaji hakuufuta. Haukuwa mbele yake.

Uteuzi uanze upya.

Jumatatu saa mbili, mvua imelala barabarani,
Mwantumu akaja baiskeli ikiwa begani,
sketi imelowa mpaka magotini.
Kuhusu kiapo changu hajawahi kusema neno,
zuri wala baya.
Akavuta kigoda, akakaa karibu kuliko wateja wanavyokaa,
kadi ya mpiga kura akaisimamisha kwenye kioo.
"Tuna siku nzima," akasema.
Nikaanza. S. E. M.
Hapo kidole kikasita juu ya herufi,
maana sikio, wallahi, bado linaisikia.
Yeye hakunitazama usoni.
Alikuwa akikitazama kidole.