Bawaba

Mihayo ana miaka saba
na kifua chenye mlango unaokwama.
Usiku, ukutani, nasikia bawaba zake.

Mama yake humvika sweta mbili mwezi wa Julai,
humkataza mpira, vumbi, maji ya mtungi,
humkataza hata kucheka sana.
Mimi nilimkataza kulia.
“Mnyamwezi halalamiki njiani,” nilimfokea,
kama vile pumzi ni mzigo wa pembe
na yeye mpagazi mvivu.

Kati ya sweta na kelele
alibakiwa na upenyo
wa tundu la sindano.

Mwaka ule soko la Usoke lilichelewa.
Marobota manne ya tumbaku yalilala chini ya kitanda chake,
nami nikamlaumu paka,
nikamlaumu jirani na macho yake,
nikaulaumu ukoo wa Nyanzala, mke wangu:
“Kwetu hakuna mwenye ugonjwa huu.”

Mama alikuwa akichambua maharage.
Hakuinua uso.
“Wewe ulilala umeketi mpaka ulipoota ndevu.
Baba yako alikuchapa ili upumue.”

Akatupa kijiwe. Akaendelea kuchambua.

Zahanati, muuguzi alitoboa kitako cha chupa ya maji,
akachomeka kile kipampu cha buluu,
akanikabidhi mimi, si mama mtu.
“Hesabu naye. Polepole.”
Sikujua kuhesabu bila kudai.
Moja, nilisema, na sauti ikatoka kama amri.
Mbili. Akanitazama juu ya chupa
kwa macho ya mdaiwa.
Tatu niliinong’ona.

Marobota sasa yako ghalani, panya wanayajua.
Nyanzala amevua sweta moja; ya pili bado tunaigombea.
Na juzi, kwa ajili ya hela za chama cha msingi,
nilipandisha sauti mpaka bati likaitika,
halafu, nyuma ya ukuta,
nikazisikia: kwii, kwii.
Nikatoka nje, nikapasua kuni
ambazo hakuna aliyezihitaji.

Leo asubuhi kakimbia mpaka mashine ya kusaga na kurudi,
unga kwenye nyusi, mdomo wazi.
Kasimama kizingitini.
Mama yake kashika mwiko hewani,
mimi nimeshika kiatu kimoja,
wote wawili tukizihesabu mbavu zake.

Akatuangalia, huyu, halafu yule.
“Mbona nyie hampumui?”