Matundu Manne

Iliingia Kariobangi juu ya mkokoteni,
watatu wakisukuma, wa nne akitukana:
injini ya silinda moja, magurudumu mawili
mazito kama deni la ukoo.
Mbele, pale palipostahili bamba la shaba,
matundu manne ya riveti, basi.
Kuna mtu aling'oa jina akaliuza kwa mizani.

Mteja wa Karen alituma ujumbe:
ikiwa na jina, laki mbili.
Bila jina, bei ya chuma chakavu.

Mwikali akavua saa, akaanza kuihoji.
Spana ya kumi na tatu ikapwaya,
ya kumi na mbili ikakataa kuingia.
"Hii ni ya inchi. Haikuzaliwa jana."
Akakwangua rangi: kijani,
chini ya kijani nyekundu,
chini ya nyekundu kijivu.
Kila aliyeimiliki aliivisha kanzu yake
bila kuivua ya mwenzake.
Akaisugua chaki tumboni, chini ya tangi la maji,
herufi zikachungulia kama meno ya mtoto:
kitu, halafu TON, halafu kitu,
halafu mbili, saba, na labda tatu,
labda nane.

Oguttu wa kerezo akaapa ni ya Mjerumani.
Fundi wa kuchomea akacheka: Mwingereza huyu,
tazama gavana ilivyojikunyata kama mwenye baridi.
Jasbir akaja kutoka Ngara
na kitabu cha vipuri cha babu yake,
akakifungua kwa heshima juu ya ndoo.
Mchwa walikuwa wamekula picha,
wakabakiza bei.

"Kuna vijana Kamukunji," Oguttu akanong'ona,
"watakuchongea bamba
hadi muundaji mwenyewe atokwe machozi.
Wewe chagua jina tu."

Mwikali hakujibu.
Mkono wake ulikuwa ndani hadi kiwiko
kama anayezalisha ng'ombe.
Akatoa beringi ya mkono wa pistoni,
akaifuta kwa mafuta taa, akaisogeza kwenye mwanga.
Haikuwa ya kiwandani.
Kuna mtu aliyeyusha risasi kwenye sufuria,
akaimimina katika kalibu ya udongo,
na udongo ulikuwa umeshika dole gumba lake:
mistari yote, hata kovu
lililolikata katikati.
Labda kwenye kinu cha kahawa, msimu wa mavuno,
bwana shamba akifoka mlangoni,
kipuri halisi kikiwa bado melini, miezi mitatu.

Jenereta ya jirani haikunyamaza.
Tulionyamaza ni sisi.

Mwikali akaweka dole lake juu ya lile.
La mwenzake lilikuwa pana kidogo.
Akapaka mafuta, akairudisha beringi mahali pake,
akafunga nati polepole kuliko kawaida yake.

Siku ya tatu, jioni, tukazungusha mpini.
Ikakohoa. Ikapiga moja,
ikaruka mbili, ikapiga moja,
kama mtu anayesimulia huku akikumbuka.
Fundi wa kuchomea na Oguttu
wakaendelea kubishana, sasa kwa kupiga kelele.

Kwenye kitabu cha risiti, kwa kalamu inayokatakata,
Mwikali akaandika:

Muundaji: hajulikani.
Aliyeiokoa: ana kovu, dole gumba, nadhani la kulia.
Bamba: hakuna, na halitachongwa.
Bei: njoo uisikie kwanza.