Mashine ya Kanada

Ilikuja chini ya majokofu mawili na baiskeli za watoto,
nyekundu, imelalia ubavu kama ng'ombe aliyegoma.
Nilinunua lundo zima bila kuchambua. Gerezani
ukichambua sana, mwenzio ameshalipa.

Magurudumu mawili yenye meno ya trekta.
Mbele, kinywa kipana, mtoto angelala humo,
na ndani yake bapa la chuma limejisokota
kama ganda la chungwa lililomenywa bila kukatika.
Juu, shingo ya bati inayogeuka kushoto na kulia.
Kwenye kibandiko, mkono wa mtu, vidole vinne vimeruka.
Hicho nilikielewa.

Pazi akasema ni ya kuvunia mpunga.
Mama Salme wa chai akasema ni ya kukunia nazi za harusi.
Dalali mmoja, macho kwenye simu yake,
akasema inatafuta dhahabu, akaenda zake.

Nikamtumia picha binamu yangu Mwinjuma, yuko Winipegi.
Akanijibu kwa sauti, dakika nne, ya kwanza yote kicheko:

"Hiyo ni ya theluji, Chaurembo.
Inashuka usiku, haibishi hodi.
Alfajiri unausukuma mlango kwa bega,
na ile njia ya gari, toka mlangoni hadi barabarani,
ni mzigo wako, hakuna wa kukufagilia.
Unachota kwa koleo, unatupa, unachota.
Ukimaliza, greda la manispaa linapita
linakurudishia lote pale njia inapoanzia,
gumu kama zege.
Mwaka wa kwanza nilichota mpaka mgongo ukasema basi.
Siku ya tatu nasikia muungurumo nje: jirani,
mtu ambaye hatujawahi kusalimiana,
anasukuma dude kama hilo kwenye njia yangu.
Akamaliza, akainua glovu moja, akaingia kwake.
Mpaka leo hatujasalimiana."

Nikaifungua. Nikakuta boliti moja laini kuliko zote,
nikadhani wamenipunja.
Kumbe imewekwa makusudi ivunjike:
bapa likikutana na jiwe, ife yenyewe, giaboksi ipone.
Nilikaa nayo kiganjani muda mrefu.
Nyumba nyingi nizijuazo zina mtu wa namna hiyo.

Masika, Msimbazi ulipoingia Jangwani,
tuliisukuma mpaka uchochoroni kwa shangazi.
Ilikula tope hatua sita,
ikalitapika kwenye ukuta wa jirani, na kwenye shuka zake,
boliti ikakatika.
Tope si theluji, halitaki kurushwa.
Tukarudi kwenye koleo. Jirani alidai sabuni, tukalipa.

Injini nikamuuzia mtu wa pampu, Mbagala.
Magurudumu yako kwenye mkokoteni wa maji.
Bapa limechomelewa geti moja la Kigogo, eti pambo.
Ndivyo tunavyozika mashine hapa,
kila kiungo kwa ndugu zake.

Ikabaki mipini.
Ndani ya mpira wake, waya mwembamba kama unywele:
inapata joto, mikono ya msukumaji isigande.
Nilicheka peke yangu. Ilikuwa Februari,
shati limenigandia mgongoni,
na nimeshika kitu kilichovuka bahari kuja kunipasha moto.

Mama anaumwa baridi yabisi.
Theluji hajaiona, hata Chalinze hajaivuka,
lakini baridi ilikuwa nyumbani kwetu miaka yote,
imelala kwenye vidole vyake,
na hakuna aliyewahi kuja na koleo.

Nimeunga mipini miwili kwenye betri ya pikipiki.
Anaishika baada ya Isha, taarifa ya habari ikisomwa,
mikono mbele, kama mtu anayeendesha kitu.

Jana akaniuliza, hiki kilikuwa kinakwenda wapi?
Nikamwambia, toka mlangoni hadi barabarani.
"Basi si mbali," akasema,
akakaza mkono.