Tumbo Lililobaki Wazi

Kabla ya miwani tulikuwa na zabibu.
Dokta Chidosa alizinunua kwa kilo sokoni Majengo,
nyeusi, ngozi imetuna kama jipu lisilouma,
akatugawia tano tano na uzi mwembamba kuliko unywele:
"Mmenye. Kisha umshone.
Akitoa machozi, umemuua."
Niliua zabibu nyingi mwaka ule.
Maiti zote nilikula.

Sasa kuna chumba ghorofa ya pili,
kiyoyozi chake kinakohoa,
na Masinjila wa kompyuta,
ambaye hajawahi kuona damu akabaki amesimama,
ndiye anayenivika lile dude zito usoni
na kunikabidhi vishikio viwili:
"Haya daktari, ingia."

Naingia.
Taa kubwa. Shuka la kijani. Mtu amelala.
Kwenye uhalisia huu pepe hakuna vumbi la Dodoma,
hakuna ndugu kumi na wawili nje
na hotipoti za ugali wa uwele.
Mtu hana harufu. Hana kovu la utotoni.
Nikimkata, anakatika kwa adabu.
Nikikosea mshipa, wekundu unajaa machoni
na maandishi yanapita, bila hasira:
*Mgonjwa amefariki. Anza tena?*

Ile alama ya kuuliza
ilinisumbua kuliko wekundu.

Nimemuua mara kumi na nne.
Mara ya kumi na tano vidole vilijua vyenyewe,
kama punda ajuaye njia ya kisimani,
wapi pa kugeuka, wapi pa kusimama.

Jumatano umeme ukakatika.
Nilikuwa nimeushika mfuko wa nyongo,
nimebakiza fundo moja.
Giza. Hata maandishi hayakuja.
Nikabaki nimesimama, mikono hewani, dude usoni,
mlango ukafunguliwa, ndoo ikagonga sakafu,
na sauti ya Mama Mbeho:
"Daktari, unaomba mvua?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.
Februari ile na yeye alikuwa anaomba;
mtama wake kule Chihanga
ulikuwa umesokota majani kama sigara.
Lakini usiku usingizi ulinipitia mbali.
Nilikuwa nimemwacha mtu tumbo wazi.

Najua. Si mtu.
Masinjila alinieleza asubuhi, mdomo umejaa andazi:
"Haihifadhi katikati. Ukitoka, hakuwahi kuwepo."

Ijumaa akaletwa Ndahani, mchuma zabibu wa Hombolo,
kucha zake zambarau, sabuni imeshindwa.
Kabla ya ganzi aliuliza kama atawahi mavuno.
Nikasema tutaona,
jibu ambalo mashine haijawahi kunidai.

Vidole vilikwenda njia yao
mpaka mahali njia ilipokwisha:
nyongo imegandamana na utumbo,
kovu juu ya kovu, ugonjwa wa miaka
aliouzoea akiuita kiungulia.
Kwenye miwani viungo huachana vikiombwa.
Hapa hapana.
Jasho likanishuka hadi kwenye barakoa,
muuguzi akanifuta, hakuna aliyesema neno,
na kutoka mbali, tangu mwaka wa njaa ya usingizi,
nikamsikia Chidosa: mmenye.

Nikammenya.
Saa moja na nusu kwa upana wa kidole.
Hakutoa machozi.

Jioni nilipanda ghorofa ya pili.
"Nirudishie yule wa Jumatano."
Masinjila akabonyeza, akabonyeza tena.
Akaja mwingine: sura ileile,
tumbo zima, laini, halijui kitu.

Nikavua miwani, nikaiweka mezani.
Nikainua mikono mitupu
pale hewani nilipomwachia,
nikalitafuta fundo lile moja, nikalikaza,
nikaanza kufunga, tabaka kwa tabaka, hadi ngozi.

Mama Mbeho alikuwa mlangoni.
Safari hii hakuuliza.
Alitua ndoo chini polepole, isigonge,
akasubiri nimalize.