Kitako cha Kopo

Redio haijasema kitu,
lakini maharagi ya Masisi yamekwisha kusema.
Saa kumi na mbili asubuhi, soko la Virunga,
Ndoole anafika na chukudu tupu,
na chukudu tupu, kama debe, ina kelele zaidi.
"Sake wamefunga," anasema.
Hasemi nani. Hakuna anayemuuliza nani.
Tunauliza: tangu jana, au tangu leo?
Maana ya jana ni franka mia tano juu,
na ya leo bado haijapewa jina.

Ninalo kopo la gigozi,
la maziwa ya mwanangu Ushindi, ambaye sasa ananyoa ndevu.
Kwa kopo hilo nimepima miaka kumi na tisa:
maharagi mekundu, ya njano,
yale madogo meupe ambayo watoto huyakataa
mpaka yakosekane.
Kopo moja, nyumba moja, jioni moja.
Sikusoma hesabu nyingine.

Gunia huanza safari likiwa gunia.
Kwenye kamba ya kwanza linalipa kwa sababu limetoka.
Kwenye ya pili linalipa kwa sababu linaingia.
Kwenye ya tatu yupo kijana wa bunduki na kandambili,
hatafuti hata sababu,
anafungua mdomo wa gunia, anachota kwa kofia yake.
Wala simlaumu sana. Kofia ni ndogo.
Ila kofia ni nyingi.
Mpaka lifike hapa gunia limekonda
na bei yake imenenepa.

Wapo wanaopitisha ziwani, Minova hadi Kituku,
usiku, mtumbwi umejaa hadi maji yanachungulia.
Maharagi mengine hufika yameota.
Nayo tunayauza.
Tunayaita mapya.

Niliposema elfu mbili, wateja hawakuondoka.
Walisimama tu, mikono nyuma,
kama watu waliokuja kumtazama mgonjwa.
Mwanamke mmoja alinyoosha noti iliyounganishwa kwa gundi,
akaikunja tena, akairudisha kifuani.

Basi usiku ule nilichukua jiwe la volkano,
lile ninaloegeshea mlango,
nikaligeuza kopo, nikaligonga kitako.
Mara moja. Mara tatu.
Kikaingia ndani
kama tumbo la mtu aliyelala na njaa.

Kesho yake bei haikupanda.
Kitako ndicho kilichopanda.

Masika, muuza unga wa muhogo, jirani yangu wa meza,
alikuja kununua.
Nilimpimia kwa kilele, nikamwaga kidogo juu, kwa upendo.
Akapitisha kidole gumba chini ya kopo.
Kikatulia pale.
Akanitazama, akalipa.
Mchana nilikwenda kwake kununua unga,
nami nikapitisha kidole.
"Nisalimie Ushindi," akaniambia.

Wiki ya sita njia ilifunguliwa.
Ndoole aliteremka na magunia manne,
chukudu kimya kabisa, inapumua tu.
Bei nayo ilishuka, lakini si kama ilivyopanda:
ilikuwa imepanda kwa pikipiki,
ikashuka kwa miguu,
ikipumzika kila kona.

Nikaingiza mpini wa mwiko ndani ya kopo,
nikagonga, kitako kitoke.
Kilitoka. Karibu chote.
Bati lina kumbukumbu yake:
limebaki na uvimbe mdogo katikati,
unaokula nafasi ya punje ishirini na moja.
Nimezihesabu.

Sasa nikishapima ninaziongeza kwa mkono,
kwa kila mteja, ishirini na moja,
midomo yangu ikitembea bila sauti.
Wao hudhani ni matabishi.
Wananishukuru.