Kura Moja ya Kambi

Tulipiga kura siku moja kabla ya raia,
sisi wa kambi, askari arubaini,
ili kesho yake tuwalinde wenzetu kwenye foleni.
Bunduki tuliziacha ghalani.
Kofia tukavua, kama tunaoingia msibani.

"Kura ni siri," alisema Afande,
akavuta kiti, akakaa
mkabala na kituturi.

Kalamu ilifungwa uzi mfupi,
mithili ya kamba ya mbuzi wa kuazima.
Nikaziona picha. Nikalikumbuka kofi
alilopigwa kaka yangu Mbarouk
nje ya skuli ya Kangagani, uchaguzi uliopita,
na mpigaji kavaa kama nilivyovaa mimi.
Mkono ulipajua pa kwenda.
Nikasikia kiti cha Afande kikilia.
Mkono ukaenda kwengine.

Wino wakatia kidole kidogo cha kushoto.
Cha kulia, cha shahada, hawakukigusa.
Kile kina kazi yake.

Hesabu ilivuja, sijui kwa nani:
thelathini na tisa huku,
moja kule.
Usiku ule chai ilinyweka kimya.
"Kikulacho," mtu akaanza, wala hakumaliza.
Macho sabini na nane yakampita wa Donge,
yakampita wa Kizimkazi,
yakatua kwangu,
Mpemba peke yangu kwenye orodha.
Afande hakuuliza kitu.
Alinipanga lindo la alfajiri
siku kumi na nne mfululizo.

Wiki ya tatu kikaja kifurushi cha mama
kwa mkono wa utingo wa gari la Wete:
pweza mkavu, mikate ya mofa,
na kijikaratasi, mwandiko wa Mize:
*Habari zako zimefika hadi Kojani.
Mama analia kwa furaha.
Mbarouk anakusalimu, na kakutaja jina,
mara ya kwanza tangu lile kofi.*

Nilimla pweza yule.
Kila tonge likiniuliza: Wewe? Wewe kweli?

Barua sijaijibu.
Nikisema si mimi, nampoteza kaka mara ya pili.
Nikinyamaza, navaa ushujaa wa mtu
kama sare ya marehemu.

Na mtu huyo ni nani?
Anakunja blanketi chumba kimoja na mimi.
Anapiga saluti. Anacheka panapochekwa.

Jana Sajini Kheri, wa Makunduchi,
aliyewahi kuapa kwa kaburi la babake
kuwa hatopigia wengine mpaka afe,
alikuja lindoni saa nzima kabla ya zamu yake.
Tulisimama. Kunguru wakaamka.
Alinipa kibiriti, akakitazama kidole changu,
wino umebaki ukingoni mwa ukucha.
"Huchelewa kutoka, huu," akasema,
na wake mkono
akautia mfukoni.